Sidii Nilizozianika Newala

Kibanda nimekifunga. Kompyuta nimempa shemeji yangu, naye kaitoa matumbo yote akabakiza boksi, na hivi ninavyoandika kuku wake anaatamia mle ndani mayai tisa. Kuku sina ugomvi naye. Nilio na ugomvi nao nitawataja huko mbele kwa majina waliyopewa na wazazi wao, maana nimestaafu, sina tena mteja wa kumwogopa.

Nawaandikia nyie vijana mnaojaza nyimbo kwenye memori pale stendi ya Newala. Mmeniuliza mara nyingi, "Mzee, enzi zenu mlikuwa mnachomaje sidii?" na mkishauliza mnaanza kucheka kabla sijajibu. Sawa, chekeni. Shule yangu ni darasa la saba, nalo nililisoma nimekaa dirishani, kwa hiyo mkikuta herufi imekaa vibaya isogezeni wenyewe.

Kabla ya sidii nilikuwa mpima korosho kwenye ghala la ushirika, Masasi. Kazi yangu ilikuwa bambo, ule msumari mnene wenye mfereji unaouchoma kwenye ubavu wa gunia ukatoa sampuli bila kulifungua. Mkulima anaweka nzuri juu, mbovu katikati, halafu anakuamkia kwa upole sana. Wewe unaitikia marahaba huku unamchoma gunia katikati. Nilikuwa naijua korosho kwa masikio. Iliyokauka ukiimwaga sakafuni inalia kama kokoto. Mbichi inaanguka kimya kama mtu mwenye aibu. Ukiitia majini, nzima inazama, bovu linaelea. Mwanangu Hadija alipozaliwa nilimnyanyua nikamtikisa kidogo karibu na sikio, mkunga akaninyang'anya.

Likaja soko huria. Wakaja wanunuzi binafsi na malori yao, na mizani yao, na wapimaji wao. Ushirika ukasema watu wapungue. Karani wa ghala, Fidelis Chitanda, huyo wa kwanza namtaja, ndiye aliyeandika orodha ya wanaobaki. Jina langu alilisahau. Jina la mkwewe alilikumbuka, na mkwewe alikuwa hatofautishi korosho na kunde.

Nikaenda kwa Mzee Agathoni, fundi redio wa Mkomaindo, aliyejifunza umeme kwa kutengeneza jenereta la misheni kule Lulindi. Wakati huo alikuwa amepata kompyuta yenye uwezo wa kuchoma sidii, ya kwanza kuiona mimi. Ilikuwa na feni inayolia kama mashine ya kukoboa.

"Unajua nini?" akaniuliza.

"Najua korosho, mzee."

"Basi hujui kitu. Nyoosha mikono."

Nikanyoosha. Akaikagua mbele na nyuma kama anainunua, akanipa sidii moja. Nikaipokea kwa kiganja kizima. Akanigonga vidole kwa mpini wa bisibisi.

"Pembeni! Ishike pembeni na kwenye tundu. Tumboni haishikwi. Wewe ukishikwa tumboni na mtu usiyemjua utafurahi?"

Siku tatu nzima kazi yangu ilikuwa kushika sidii pembeni na kuirudisha mezani. Siku ya nne nikaruhusiwa kuifuta: kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje, mstari mnyoofu, bila kuzungusha. Wiki ya pili nikaruhusiwa kubonyeza. Wateja walileta orodha kwenye karatasi ya daftari, nyimbo kumi na tano, kumi na sita, dansi, kwaya na taarabu kwenye sidii moja, na chini kabisa wameandika "na nyingine nzuri utakayoona." Hiyo ya mwisho ndiyo iliyoleta ugomvi kuliko zote.

Sasa sidii tupu zilitoka wapi. Zilitoka kwa Bakari Nalinga, huyo wa pili namtaja. Bakari alikuwa anapanda basi kwenda Dar akiwa na begi moja anarudi na manne. Sidii zilikuja hamsini hamsini, zimechomekwa kwenye kijiti cha plastiki kama mishikaki. Ukinunua, tano za juu zinaimba. Ya sita inagoma. Ya saba unachoma mpaka mwisho, mashine inakwambia tayari, ukiiweka kwenye deki inakutazama tu.

Nilipoliona lile nikacheka kwa uchungu. Nzuri juu, mbovu katikati! Nikasema huu ujanja naujua, huu ni wa gunia. Nikaanza kuzipima kikorosho.

Nilizigonga kwa kucha nikasikiliza. Nilizidondosha kwenye meza zikalia. Mwisho nikaleta beseni la maji nikazitumbukiza, inayozama daraja la kwanza, inayoelea naitenga. Mzee Agathoni alikuwa anaunga waya, akainua uso.

"Unafanya nini?"

"Napima, mzee. Hii imezama, hii nayo imezama."

"Na zote zitazama."

"Basi zote nzuri."

Akarudi kwenye waya wake. Nilidhani amekubali. Leo najua kwamba mtu mzima akinyamaza hivyo ana maana nyingine kabisa.

Baada ya miaka miwili nikapanda mlima, nikafungua kibanda changu Newala, karibu na stendi. Newala mnaijua. Maji yanapandishwa kwa mashine kutoka bondeni, yakiamua kuja. Nami siku ya kwanza nimetoa beseni nje, naogesha sidii mbele ya watu wenye ndoo tupu. Mama Tatu, jirani yangu muuza vitumbua, akasimama, mikono kiunoni.

"Baba Hadija, sisi huku tunanywa kwa zamu, wewe unaogesha visahani?"

"Napima ubora, mama."

"Pima na mate!"

Nikaacha maji. Lakini Newala ina jambo jingine, ukungu. Asubuhi wingu linaingia mlangoni kama mgeni asiyebisha hodi, linakaa mpaka saa nne. Nguo zinanuka, chumvi inaganda, na mimi nikifungua furushi la sidii nakuta zina jasho. Nikafikiri: mzigo wenye unyevu dawa yake nini? Swali hilo mwulize mtu yeyote wa Uwanda wa Makonde, hata mtoto. Atakwambia: anika.

Nikatandika majamvi mawili nyuma ya kibanda, nikazipanga sidii safu kwa safu, mgongo chini, tumbo juu, zikaota jua. Kila baada ya saa nazigeuza, kama korosho. Siku tatu. Siku ya kwanza kunguru walihama mtaa. Siku ya pili dereva wa lori la mihogo alisimama barabarani, mkono machoni, akaniuliza kama naita ndege ije kutua. Siku ya tatu nikazikusanya zikiwa kavu, za moto, zinalia vizuri zikigongana, nikaziweka kwenye katoni na kuandika kwa kalamu nene: DARAJA LA KWANZA. Sikuwahi kujivunia kazi kama siku hiyo.

Zikachomeka vizuri tu. Wateja wakaondoka wakicheza. Nikawa naanika kila furushi.

Ndipo akaja Bi Somoe.

Bi Somoe alikuwa nyakanga, mkuu wa makungwi, ambaye bila yeye mwali haingii unyagoni wala hatoki. Alikuja asubuhi moja, mavuno yameshaingia ndani na watu wameanza kuzungumzia ngoma za wasichana. Shingoni alikuwa na rovu kubwa kama ngumi, amelizungushia kanga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu. Wewe ndiye unayechoma?"

"Ndiye."

"Unachoma huku unasikiliza?"

"Lazima nisikilize, bibi, ndiyo nijue kama imeingia."

"Basi hapo ndipo tutakapogombana," akasema, akavuta kiti.

Akanieleza. Wiki ile alikuwa anasafiri kwenda kukatwa lile rovu. Daktari alimwambia mapema, bila kumficha, kwamba sauti inaweza kurudi na inaweza isirudi. Na nyimbo za unyago wa kwao, maneno ya anayeongoza, alikuwa nayo yeye peke yake. Makungwi wadogo walijua kuitikia tu. Mwaka ule mjukuu wake mwenyewe, Mwanaidi, alikuwa miongoni mwa wali, wasichana wanaoingia unyagoni. Sauti isiporudi, wali wangepelekwa kwa Bi Zainabu wa mtaa wa pili, nyakanga mwenye nyimbo zake nyingine, ambaye tangu aliposikia habari ya rovu alishaanza kupasha koo. Nyimbo za Bi Somoe zingekwisha pale pale.

Basi alijifungia ndani na redio ya mwanawe akajiimbia zote kwenye kaseti. Redio ile ilikuwa inakula mkanda, imeshautafuna mara mbili. Alitaka ziwekwe kwenye sidii, zipigwe huko unyagoni kwenye deki ya betri, makungwi wasikilize, wawafundishe wali. Akafungua fundo la kanga, akaitoa kaseti, akaiweka mezani na kuifunika kwa kiganja.

"Lakini wewe usisikie hata neno. Hizi haziingii sikio la mwanaume."

"Zikiingia inakuwaje, bibi?"

"Anapata busha."

"La masikio?"

"Jaribu uone."

Sikujaribu. Nikang'oa spika, nikaziweka nje ya mlango azione. Nikaunga waya kutoka kwenye deki ya kaseti kwenda nyuma ya kompyuta. Kaseti ikaanza kuzunguka kimya, na kwenye kioo ule mstari wa sauti ukaanza kupanda na kushuka.

"Hicho nini kinachorukaruka?"

"Ndiyo sauti yako, bibi."

"Kwa hiyo unaiona?"

"Naiona tu, siisikii."

Akafikiri. "Geuka ukutani."

"Bibi, nikigeuka nitajuaje kama inaingia?"

"Nitakwambia mimi."

Nikageuka, nikatazamana na kalenda. Ndivyo nilivyofanya kazi ile, dakika sitini nikiangalia picha ya trekta, na Bi Somoe nyuma yangu akitangaza kama mpira. "Nyoka anacheza. Anacheza. Sasa kalala. Kaamka! Huyo, huyo... hapo nilikohoa." Nikichungulia kidogo nasikia fimbo yake inagonga mguu wa kiti.

Ilipokwisha nikachagua sidii kutoka kwenye katoni. Niliichagua kama nachagua mchumba. Nikaigonga, nikaipuliza, nikaiinua kwenye mwanga. Nikaichoma kwa mwendo mdogo. Ikatoka.

"Sasa hiyo mashine imebaki nazo?" akauliza.

"Imebaki nazo, bibi. Na ni vizuri zikae, likitokea la kutokea..."

"Zifute."

"Walau tuchome sidii mbili tatu za akiba."

"Za kumpa nani? Sidii yako nzuri au mbaya?"

Nyie wafanyabiashara wenzangu niambieni, swali lile linajibiwaje? Nikasema, "Ni daraja la kwanza, bibi."

"Basi zifute."

Nikafuta. Halafu, kwa ustaarabu tu, nikasema ngoja nimrudishie mama wa watu kaseti yake mwanzo. Deki ile nilikuwa nimeuziwa na Bakari Nalinga, akala kiapo kwamba ni mpya. Ikalia kwiii. Nilipofungua mlango wake, mkanda ulitoka kama utumbo wa kuku, umekatika sehemu tatu.

Bi Somoe aliutazama ule utumbo. Kisha akaitazama sidii.

"Sasa tumebaki na kisahani," akasema.

Nikamwomba walau tuijaribu, asikilize mwanamke. Akakubali, nikamwita mke wangu. Bi Somoe akamuuliza maswali mawili matatu kwa Kimakonde, kwa sauti ya chini, ya kujua kama alichezwa unyago na alichezwa kwa nani. Mama Hadija akajibu, wakacheka, akaruhusiwa. Akavaa hedifoni, akasikiliza yote mpaka mwisho, mara anatabasamu, mara anafuta jicho. Akavua.

"Vipi, inaruka?" nikauliza.

"Siwezi kusema."

"Mama Hadija, sikuulizi wameimba nini. Nauliza inaruka au hairuki."

"Nikikwambia inaruka, utaniuliza wapi."

"Ndiyo, nitauliza wapi."

"Nikikwambia wapi, utajua hapo pana nini."

"Nitajuaje na sijasikia?"

"Nyie wanaume mnajua kuunganisha."

Bi Somoe akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Huyu alichezwa vizuri," akasema. Akaifunga sidii kwenye kanga, akaenda zake, akasafiri.

Wiki hazikupita nyingi. Akaja mwenyekiti wa kwaya kutoka upande wa Chidya, amevaa tai, amekasirika kistaarabu. Sidii niliyomchomea ilikuwa inaimba vizuri wiki ya kwanza, sasa ikifika wimbo wa tatu inakwama, "ha-ha-ha-ha," na waumini wanadhani kwaya inawacheka. Kesho yake mwenye baa. Kesho kutwa mtu wa harusi, naye aliongea maneno ambayo siandiki. Wote nikawaambia deki zao chafu.

Mzee Agathoni akapita Newala kwenye msiba wa ndugu yake, akasema anisalimie. Akazunguka nyuma ya kibanda kunitafuta. Akanikuta nimechuchumaa juu ya jamvi.

"Unafanya nini?"

"Nageuza, mzee. Hizi zimekauka upande mmoja."

Alisimama kama mtu aliyemwona nyoka. "Umezianika? Juani?"

"Siku tatu. Newala huku kuna unyevu."

Akakaa chini, pale pale kwenye mchanga, na suruali yake ya msiba. Akacheka mpaka akavua miwani. Akaacha, akaitazama safu ya mwisho, akaanza tena. Alipopata pumzi akaniambia, "Sikiliza, wewe mpima korosho. Kule chini ya kioo kuna rangi. Mashine inapochoma, inaichoma ile rangi kwa mwanga mdogo mdogo. Ndiyo maandishi yenyewe. Wewe umeipeleka kwenye mwanga mkubwa kuliko yote duniani, tena unaigeuza isibakie mahali."

"Lakini zinachomeka, mzee. Zinaimba."

"Zinaimba leo. Kesho zinasahau. Kidogo kidogo, kama wazee."

Mimi nilikuwa simsikilizi tena. Nilikuwa namfikiria Bi Somoe.

Alikuwa amesharudi. Rovu limeondoka, shingo imepona, na sauti haikurudi. Ulibaki mnong'ono, kama mtu anayesugua ubao kwa msasa. Wali walikuwa wameshaingizwa ndani, ngoma inasikika kwa mbali kutoka kwenye uzio, na kule mwanaume hasogei hata akiwa amebeba dawa. Sidii yangu ilikuwa mle ndani, peke yake duniani.

Nikamtuma Mama Hadija. Nikamfundisha: wakiona inakwama waitoe, waifute kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje, wasizungushe. Alirudi saa tisa alasiri, ana unga wa unyagoni kwenye paji la uso.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Wamesema imekwama?"

"Baba Hadija, kula ugali."

Siku zile za kungoja ndizo nilizojifunza kuchagua sidii, maana Mzee Agathoni alibaki siku mbili akanifundisha upya toka mwanzo, huku anacheka kila baada ya sentensi. Nawapa bure ingawa hamtaitumia. Iinue sidii mbele ya taa: ukiona taa yenyewe kwa upande wa pili, hiyo imepakwa rangi kidogo kama chai ya msibani, iache. Tazama ukingo: rangi iishie kabla ya mwisho, sawasawa kuzunguka, isiwe na vidole. Soma namba ndogo zilizochapwa karibu na tundu. Mbili za juu zikiwa na namba moja na ya katikati nyingine, huo ni mchanganyo, wamekuwekea nzuri juu. Hapo bambo langu lilinisaidia: nilikuwa navuta ya katikati kwanza, Bakari anageuza uso. Choma moja, ipige yote mpaka mwisho, ndipo uchome nyingine. Usikimbize mashine. Usiandike kwa kalamu ya ncha ya chuma, tumia ya ncha laini. Usibandike karatasi mgongoni, ikizunguka inayumba kama mlevi. Na weka gizani. Gizani, jamani.

Nikamfuata Bakari Nalinga pale gulioni, nikamwambia mbele za watu kwamba sidii zake zimeniaibisha. Akanisikiliza mpaka mwisho. Alishapata habari.

"Mimi nauza sidii," akasema. "Siuzi majamvi."

Watu walicheka sana. Lakini deki ya kaseti ilikuwa ya kwake, na hilo nitalisema mpaka nife.

Siku ya kuwatoa wali ikafika. Siku hiyo nyimbo za ndani hubaki ndani, ila upo wimbo wa kutokea, huo unaimbwa uwanjani na kila mtu anausikia, hata sisi. Watu wamejaa. Bi Somoe amekaa kwenye kiti, kanga mpya shingoni, kimya. Mbele kabisa, mikono imekunjwa kifuani, Bi Zainabu. Alikuja kusikiliza kosa. Ilijulikana kwamba likionekana moja tu, msimu ujao wali wote ni wake.

Wakatoka. Wamepakwa mafuta, wanang'aa, vichwa vimeinama. Mwanaidi anaongoza, na maneno ya anayeongoza yanamtoka kinywani moja moja, ya bibi yake, yenye sauti ya bibi yake. Watu wazima wakaanza kulia. Nikajiambia imekaa, sidii imekaa.

Wakafika katikati ya ule wimbo. Mwanaidi akatupa mguu mbele, akaimba neno, na hapo hapo akakwama. Mguu ukarudi. Bega likapanda. Neno likarudi. Mguu ukarudi tena, bega, neno. Mara tatu, ta-ta-ta, halafu akaruka mbele akaendelea kama kawaida. Na wali wote kumi na wanne nyuma yake walifanya vilevile, kwa pamoja, bila mmoja kukosea.

Ile haikuwa ngoma. Ile ilikuwa deki.

Bakari Nalinga, aliyekuja kwa ajili ya pilau, alikuwa ubavuni kwangu. "Ee," akasema kwa sauti, "mbona hapo ime..." Nikamkanyaga mguu kwa uzito wangu wote.

Lakini Bi Zainabu hakuwa na wa kumkanyaga. Akainua mkono, ngoma ikanyamaza.

"Hapo pamekuwaje?" akauliza, watu wote wasikie. "Mimi nimeusikia wimbo huu tangu sijaota meno. Hapo hapakuwa na kurudi nyuma."

Makungwi wadogo wakaangalia chini. Mwanaidi amesimama na mguu mmoja mbele, hajui kosa lake nini, maana ndivyo alivyofundishwa.

Bi Somoe akainuka taratibu. Akamwita kungwi mmoja kwa kidole, akamnong'oneza sikioni. Alinong'ona kwa muda. Yule kungwi akaja katikati ya uwanja, akapaza sauti:

"Bibi anasema hivi! Pale ndipo mwali anapoaga utoto mara tatu. Anasema yeye alikuwa anawafichia tu, kwa sababu wengi hawana pumzi ya kufika. Anasema nyie wengine mlichezwa haraka haraka, hamkufikishwa hapo!"

Vigelegele vikapasuka. Wanawake wazima, wenye wajukuu, wakaanza kuulizana kama wao walifikishwa. Ngoma ikarudi, Mwanaidi akavuta pumzi, akaanza upya kutoka juu, na safari hii alipofika pale uwanja mzima ulikwama naye, ta-ta-ta, mpaka mwenyekiti wa kijiji.

Walipokuwa wanaondoka nikamsogelea Bi Somoe, nikamwamkia, nikamwambia polepole kwamba kama angependa naweza kumtafutia sidii nyingine, nzuri kweli, Mwanaidi aimbe upya, tupanyooshe pale mahali. Akanitazama kuanzia viatu. Akamnong'oneza mjukuu wake.

"Bibi anasema hajui unazungumzia mahali gani," Mwanaidi akaniambia. "Anasema na wewe pia hujui."

Tangu hapo sikuuliza tena, na Mama Hadija mpaka leo hajasema. Katoni lote la daraja la kwanza nilimpa Mama Tatu, akazining'iniza shambani kufukuza ndege, na nasikia zilifanya kazi vizuri sana. Sidii nilizochoma kwa miaka yote ile, maelfu sijui mangapi, hakuna hata moja inayoimba leo hii kwenye nyumba ninayoijua.

Wali wa kwa Bi Somoe bado wanatoka kila msimu. Wakifika pale wanakwama mara tatu, wanaendelea. Mwaka jana nilikwenda kuwaangalia wali wa Bi Zainabu pia. Wimbo wao ni mwingine kabisa, lakini katikati wamepachika na wao.

Wao wanakwama mara nne.